Fidla ya Pili

Kamusi ya marehemu baba ilikaa miaka arobaini
chini ya mguu mfupi wa meza, hapa kisiwani Yell, Shetland,
ikibeba sufuria, viazi, kiwiko cha kaka yangu Gideon.
Jumatatu tulimzika. Usiku nikaichomoa.
Meza ikainama upande wake, kama mtu aliyeitwa.

Nikawasha taa, nikatafuta neno moja tu,
lile watu walilomwita tangu ana miaka tisa:
mpiga fidla.

Kwanza: apigaye fidla. Sawa, hapo hatugombani.

Pili: mdanganyifu, apikaye hesabu.
Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni.
Gideon! Hakujua hata bei ya mkate.
Daftari la sufu nilishika mimi,
na aliyetuibia ni mizani ya Bwana Tulloch,
ambaye hakuwahi kugusa upinde maishani.

Tatu: sarafu ya zamani, ya peni sita.
Hata hiyo hatukuiona.
Malipo ya mpiga fidla, inasema kamusi, ni asante na kinywaji.
Mcheza kwao hutuzwa: kweli, tulituzwa
paja la kondoo, soksi, samaki mkavu mgumu kama mlango,
na mara moja, arusi ya kina Houlland, kuku hai
aliyetaga njiani ndani ya kasha la fidla.

Kisha misemo, kwa herufi ndogo za kuumiza macho.
Mlevi kama mpiga fidla.
Ndiyo, baadhi ya usiku. Na nani alimbeba?
Uso mrefu kama fidla. Huo ni wangu.
Mzima kama fidla: ndivyo daktari alivyomwambia Jumanne ile,
akampiga bega, buheri wa afya, mzee, utatuzika sote.
Nani alimdanganya daktari kwamba fidla ni nzima?
Ni sanduku tupu lililokazwa nyuzi
mpaka karibu na kupasuka. Ndiyo maana linalia.

Na pale chini kabisa ya safu nikajikuta:
kupiga fidla ya pili. Yaani kuwa nyuma ya mwingine.
Miaka hamsini na mitatu.
Basi ndivyo inavyoitwa.

Nilitaka kuifunga, kidole kikakataa,
kikarudi juu, hadi maana ya nne niliyoiruka: kaa.
Kaa wa pwani za joto, sijapata kumwona.
Dume ana gando moja kubwa kuliko kichwa chake,
hulipunga mchana kutwa ili majike wamtazame.
Gando la pili ni dogo. Halipungwi.
Ndilo linalomlisha.

Nilisoma hapo mara tatu, chai ikapoa.

Mabaharia husema liko konde la kijani
nyuma ya bahari zote, mpiga fidla hakomi,
wafu hawachoki kucheza.
Hawasemi anakula saa ngapi.
Hawasemi nani anampakia upinde sandarusi.

Alhamisi akaja kijana wa Jamieson, kofia mkononi.
Arusi ya dada yake ni Jumamosi, keki zimeshaokwa,
pole sana, Sinnie, lakini bibi arusi
hawezi kwenda kanisani kimya. Utaiweza ile ya Gideon?

Ile siiwezi, nikasema. Nitapiga yangu.

Nikatangulia, upepo wa kaskazini ukinikata vidole,
nikapiga kama nilivyopiga siku zote:
sauti za chini, mapigo ya mguu,
na pale alipokuwa akipanda, nikamwachia nafasi.
Nusu maili hakuna aliyesema neno.
Inga alishika gauni lake lisiguse tope.
Kwenye daraja nikasikia nyuma yangu
bibi mmoja, kisha wanne, wakivumisha kwa pua
kile ambacho hakikuwepo.

Walinilipa. Asante, na kinywaji.
Nilikinywa chote.

Kamusi iko dirishani, sijairudisha.
Meza bado imeinama.
Sufuria nimeisogeza upande wangu.